Tepu ya Mwalimu

Mama Pini hakuamini tumbo la mtu yeyote. Miaka ishirini na sita ya ushonaji ilimfundisha kwamba binadamu akizungushiwa tepu kiunoni hujibana, awe mcha Mungu awe mhuni. Anavuta pumzi, anameza tumbo, anatazama dari kana kwamba hayupo, halafu wiki ya pili anarudi kakunja uso: fundi, gauni limenibana. Kwa hiyo Mama Pini alikuwa na dawa yao. "Hesabu kwa sauti mpaka ishirini," aliwaambia wateja, pini tatu zikiwa zimebanwa kwenye midomo, maana hapo ndipo jina lake lilipotoka. Hebu jaribu wewe kuhesabu kwa sauti huku umebana tumbo, uone. Ukifika kumi na mbili tumbo linatoka lenyewe, na hapo ndipo alipokuwa akisoma inchi zake.

Shaka yake haikuishia kwenye cherehani. Maziwa aliyanusa hata yakifunguliwa mbele yake. Mlango akishaufunga aliusukuma mara mbili, akaenda hatua tatu, akarudi kuusukuma tena. Mumewe, dereva wa lori mwenye maneno mengi kuliko safari, alipenda kusema, "Huyu mke wangu, malaika akija kumchukua atamwomba kitambulisho."

"Na nitakisoma pande zote mbili," Mama Pini alijibu, wala hakuwa anatania.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Mama Pini hakumtilia shaka, naye ni Mwalimu. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Sasa Mwalimu alikuwa akifundisha darasa la tatu, mjane asiye na mtoto, akiishi peke yake kwenye chumba na sebule, ghorofa ya kwanza, mtaa wa tatu kutoka kwa Mama Pini. Alikuwa mtu wa kufuata maagizo kupita kiasi. Ukimwambia weka kijiko kimoja cha chumvi, anakipangusa kwanza kwa kisu ili kisizidi.

Basi gonjwa likaja. Shule zikafungwa, harusi zikaahirishwa, lori la mume likaegeshwa uani, na kila mtu akajifungia na jiko lake. Mama Pini akawa anashona barakoa za vipande kwenye chumba chake cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama njia, na kati ya barakoa na barakoa alikuwa akitafuna. Miezi mitatu tu, sketi zake zote zikagoma.

Lakini aliyekuwa hatarini ni Mwalimu. Mwalimu alikuwa na sukari, mwaka wa nne huo. Siku ya mwisho kuonana na daktari kabla kliniki haijaanza kupokea wagonjwa mahututi tu, daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: vidonge asubuhi na jioni, na hilo tumbo lishuke, ama sivyo sukari itaanza na miguu. Mwalimu alimsimulia shoga yake habari hizo akicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la mtandio. Hakuhitaji kueleza zaidi. Mama yake Mwalimu alizikwa na mguu mmoja, na Mama Pini ndiye aliyemshonea sanda.

"Tutapungua wote," Mama Pini akasema. "Hukondi peke yako wewe. Mimi nipo."

Wifi akajiunga bila kualikwa. Huyu alikuwa dada wa mume, karani wa posta, mtu wa kujua habari ya barua kabla ya mwenye barua. Mama Pini alimkubali kwa sababu wifi ukimnyima nafasi anaipeleka habari kwa kaka yake ikiwa imeongezwa viungo.

Wakakutana mara moja tu, watatu, dirisha wazi, kila mtu kona yake. Mama Pini akatoa kwenye droo tepu mbili za zamani, za kitambaa, alizoachiwa na mama mmoja aliyemfundisha kazi. Moja ya Mwalimu, moja ya Wifi. Yeye abaki na yake ya plastiki ngumu, iliyokuwa shingoni mwake kutwa. Wakapimana palepale kwa kuhesabu kwa sauti. Mwalimu, arobaini na nne. Wifi, arobaini na tatu. Mama Pini mwenyewe, arobaini na sita, na hapo alisoma mara tatu akitumaini macho yamekosea.

Kisha akatoa masharti. Kila Jumamosi asubuhi mtu ajipime kwao, atume sauti kwenye kundi la simu, akihesabu mpaka ishirini ili asikike hajabana. Na jambo la pili.

"Tepu hizi zimeshikwa na mikono mingi, sijui nani alikohoa wapi. Kila Ijumaa muifue tepu kwa maji ya moto na sabuni. Halafu muianike ikiwa imening'inia, chini mfunge kitu kizito, pasi au mkasi mkubwa, isije ikajikunja. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, bwana afya," Wifi akasema.

Mwalimu alikuwa anaandika.

Wiki ya kwanza Mwalimu akapungua nusu inchi. Kundi zima likashangilia. Wiki ya pili, nusu nyingine. Wiki ya tatu, nusu tena. Mwalimu alikuwa akitembea sebuleni kwake saa nzima kila asubuhi, mlango mpaka dirisha, dirisha mpaka mlango, amevaa viatu vyake vya shule kwa sababu hakuwa na raba. Wifi naye akabaki palepale, arobaini na tatu, arobaini na tatu, arobaini na mbili na robo tatu, akilaumu ukoo. Mama Pini alikuwa ameacha sukari kwenye chai, ameacha maandazi, alikuwa akiruka kamba uani mpaka mumewe akamwuliza kama anafukuza panya. Baada ya wiki tano za mateso alikuwa amepungua nusu inchi. Nusu! Ya wiki zote tano!

Hapo ndipo kile kidudu kikaanza kumtekenya.

Mtu anapunguaje hivyo? Alizisikiliza sauti za Mwalimu upya, moja baada ya nyingine. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, polepole, sauti ya darasani, kisha namba. Wiki ya sita Mwalimu alisema, "Arobaini na moja, shoga zangu. Namshukuru Mungu. Sasa hivi vidonge nitavipumzisha, maana vinanisokota tumbo mno, na mtu aliyepungua hivi vya nini?" Mama Pini aliirudia sauti ile mara nne. Alikuwa akisikiliza kama sauti inatetemeka kwenye "arobaini na moja." Haikutetemeka. Habari ya vidonge ilimpita sikioni mara zote nne na wala haikupiga hodi.

Wifi akapita dirishani na barakoa kidevuni. "Wifi yangu, mimi si mtu wa maneno."

"Wewe?"

"Nasema tu. Mtu hapungui inchi tatu kwa kutembea sebuleni. Ama ana dawa ya siri, ama ana mdomo."

"Vaa barakoa vizuri," Mama Pini akamwambia, lakini neno lilishaingia, na neno likiingia kwa Mama Pini halitafuti pa kutokea.

Wiki ya nane alimwona kwa macho yake. Duka la ng'ambo ya njia lilikuwa limechora maduara ya rangi nyeupe chini ili watu wasikaribiane, na kwenye duara la nne alisimama Mwalimu na kikapu. Alikuwa amevaa gauni la bluu. Sasa gauni lile Mama Pini alilishona mwenyewe, alilijua kila uzi. Akaacha cherehani, akasogea dirishani. Mshono wa ubavuni ulikuwa umevutika mpaka weupe wa uzi unaonekana. Meno ya zipu yalikuwa yamekaza kama mtu aliyekasirika. Pindo la mbele lilipanda kwa sababu tumbo lilikuwa limelibeba. Gauni lilikuwa likisema arobaini na nne. Na asubuhi ileile Mwalimu alikuwa ametuma arobaini na nusu.

Kitambaa hakijui kudanganya, Mama Pini akajiambia. Basi ni yeye. Miaka yote ile, dawati moja, kumbe mwongo! Kilichomuuma si inchi. Kilichomuuma ni kwamba mtu pekee ambaye yeye hakumfungia mlango ndiye aliyeingia kwa dirisha. Angeweza kumwita palepale, njia yenyewe hatua kumi. Hakumwita. Akachukua simu.

"Mwalimu, mimi ni fundi," akasema kwenye kundi, Wifi akisikia. "Nimekuona leo dukani. Gauni langu limenieleza kila kitu. Namba zako ni za uongo, na umetufanya wajinga wiki nane. Ukitaka kudanganya, danganya watoto wa darasa la tatu."

Alama ikaonyesha ameisikia. Baada ya robo saa kundi likaandika kwamba Mwalimu ametoka.

Wiki tatu zikapita. Mama Pini alijitetea kwa kila mtu, na kwa kuwa hakukuwa na watu, alijitetea kwa mumewe. Njia ya mwongo ni fupi, akasema. Mume akamjibu, "Haya, lakini mbona wewe ndiye hulali?" Akamwambia akaangalie lori lake.

Jumanne moja Wifi akafika na bahasha. "Mwalimu kanipa posta nikuletee. Sikuifungua," akaapa, na gundi ilionyesha kweli hakuifungua, maajabu hayo. Ndani mlikuwa na tepu, imekunjwa vizuri kama leso, na karatasi yenye mwandiko wa ubaoni: *Ulisema mimi mwongo. Tepu yako hii. Ipime.*

"Ahaa," Mama Pini akasema. "Ameikata."

Alikuwa na hakika ameikata. Aliivuta chini ya taa akitafuta jeraha la mkasi. Kile kibati cha mwanzoni kilikuwepo, hakijaguswa. Namba zilikuwepo zote, moja mpaka sitini. Hapo akaondoa tepu yake shingoni, akazilaza mbili juu ya meza ya kukatia, kibati kwa kibati, akazipiga pasi kwa viganja. Kwenye tano zilikuwa sawa, au karibu sawa. Kwenye ishirini ile ya kitambaa ilikuwa imeshatangulia. Akaendelea kuilaza, mkono ukipungua kasi. Yake ilipoishia kwenye sitini, ile ya Mwalimu ilikuwa bado inasoma hamsini na tano na nusu, na mkia wake ukaendelea mpaka ukaning'inia ukingoni mwa meza.

Akaziinua, akazilaza upya. Akashuku yake. Akaleta rula ya chuma. Yake ilikuwa sahihi. Akainusa ile ya Mwalimu: sabuni. Mwishoni kabisa palikuwa na doa la kutu na mkunjo wa duara, mahali paliponing'inizwa mpini wa pasi, Ijumaa baada ya Ijumaa.

"Wifi!" akaita kwa sauti iliyomtoa mumewe uani. Wifi alikuwa bado dirishani, bila shaka. "Tepu yako ulikuwa ukiifua?"

"Nifue tepu? Mimi mapazia tu sijafua tangu mwaka jana."

"Hata mara moja?"

"Wifi, usinitafute. Sijaifua, na sifui."

Basi mvivu ndiye aliyesema kweli, kwa sababu hakufanya alichoambiwa. Na yule aliyeandika maagizo kwenye karatasi, aliyeloweka, akafua, akaning'iniza pasi nzima kwenye kitambaa kilicholowa, amekuwa akirefushiwa inchi wiki hadi wiki na asijue. Nyani haoni kundule. Mama Pini alikuwa ameshuku maziwa, mlango, wifi, na rafiki wa maisha yake, na kitu kimoja ambacho hakukishuku hata dakika moja ni neno lake mwenyewe.

Halafu ndipo vidonge vikamrudia. *Mtu aliyepungua hivi vya nini?* 

Hakuaga mtu. Alivaa barakoa mbili, akazitia tepu zote mbili mfukoni, akatembea mitaa mitatu karibu kukimbia. Alipogonga, Mwalimu alifungua nusu ya mlango. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Wa kushoto ulikuwa na soksi na kandambili iliyokatwa mbele kwa mkasi.

"Hukudanganya," Mama Pini akasema kabla hata ya kukaribishwa. "Tepu imevutika. Ni kwa kufua na kuning'iniza. Mimi ndiye niliyekwambia. Hujapungua, shoga yangu. Rudi kwenye vidonge leo hii."

 Macho ya Mwalimu yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka.

"Wiki tatu zilizopita mwongo nilikuwa mimi," akasema. "Leo mwongo ni tepu. Wiki ijayo atakuwa nani, Pini?"

"Nakuapia."

"Unaapa! Ulinisimamisha mbele ya wifi yako kama mtoto aliyeiba chaki. Umeona nimekushinda, ukaumia. Sasa umeleta hadithi nyingine." Akaanza kufunga mlango. "Mimi nimepungua. Niachie hilo."

Na Mama Pini akaona kwamba shaka ile ilikuwa ni yake mwenyewe, aliyoipanda yeye, sasa imemea kwa mtu asiyewahi kuwa nayo. Angeapa mpaka kesho, asingeaminiwa. Akazitoa tepu, akazitupa ndani kupitia ule upenyo wa mlango, akafungua vifungo vya koti lake.

"Basi usiniamini. Nipime."

"Hairuhusiwi kukaribiana."

"Nipime, Mwalimu!"

Mwalimu akainama kwa shida, akaziokota. Akamzungushia kwanza ile ya plastiki, harufu ya kitu kilichooza kidogo ikipanda kutoka chini. "Hesabu kwa sauti," akaamuru, sauti ya darasani. Mama Pini akahesabu mpaka ishirini, tumbo lake lote nje, hakuficha hata robo. Arobaini na tano na nusu. Kisha ile ya kitambaa. Akahesabu tena, na alipofika kumi na nne sauti ikakatika, akaimalizia hivyohivyo.

Mwalimu akasoma. Akafuta macho, akasoma tena. Arobaini na mbili. Mtu mmoja, dakika moja, tumbo moja. Alikuwa mwalimu wa hesabu pia, hakuhitaji kuelezwa.

"Kwa hiyo hata inchi moja?" akauliza polepole.

Ilikuwa rahisi kusema labda nusu. Mama Pini alitamani sana kusema labda nusu.

"Hata moja."

Mwalimu akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. "Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Mimi nililisikia la mkuu. Tena nikaliandika." Akavua soksi ya kushoto. Lengelenge la viatu vya shule, lile la kutembea mlango mpaka dirisha, lilikuwa limeshakuwa kidonda, na kidole kidogo kilikuwa cheusi.

Lori halikuwa limewashwa kwa karibu miezi sita. Siku hiyo liliwaka mara ya kwanza, na dereva mwenye maneno mengi hakusema hata moja njia nzima.

Hospitali hawakuruhusu mtu kuingia na mgonjwa. Mama Pini alisimama getini mpaka mlinzi akamwonea huruma akampa kiti. Kwa siku nne hakupata sauti ya Mwalimu, alipata tu za wauguzi: sukari ilikuwa juu sana, inashuka, kidonda kimesafishwa, subiri. Siku ya tano, Jumamosi, simu ikaita.

"Umemeza vidonge?" ndilo lililomtoka Mama Pini kabla ya salamu.

"Nimemeza. Muuguzi alinifunua mdomo akatazama chini ya ulimi. Nilidhani ni ndugu yako."

Mama Pini akacheka, halafu akalia, halafu akaomba msamaha kwa maneno mengi yaliyogongana. Mwalimu alimwacha mpaka akamaliza.

"Kwa habari ya tepu sikulaumu," akasema. "Hata mimi ningesema waifue. Lakini siku ile ya gauni, Pini, uliona. Uliona kwa jicho lako kwamba sijapungua. Mimi nilikuwa nimesimama pale, hatua kumi. Ungeniita tu. Ungesema, Mwalimu, mbona gauni limekubana, njoo nikupime. Siku ile kidole kilikuwa bado chekundu."

Mama Pini alitazama lami mbele ya geti.

"Upo?"

"Nipo."

"Leo Jumamosi. Nirudishe kwenye kundi, kisha uandike vipimo vyangu, Wifi asije akasema natoroka. Andika: Mwalimu amepungua."

"Amepungua nini?"

"Kidole kimoja cha mguu wa kushoto. Na hicho usikitilie shaka. Wamekipima kwa rula ya chuma."